Siku nne na laptopu iliyogomea Linux

Saa tatu usiku, Ijumaa, mimi na mpwa wangu tulikuwa tumeinamia meza ya chakula tukitazama kioo cheusi. Laptopu ilikuwa inawaka. Feni inavuma, taa ya chaji iko palepale, na ukiweka kiganja chini yake unasikia joto. Ila kiooni hapakuwa na kitu, hata kile kimstari kinachopepesa pembeni. Sekunde chache kabla yake tulikuwa tumeona nembo ya Linux Mint, tukashangilia. Kisha giza.

“Mjomba, usiizime kwanza,” mpwa wangu akasema. Yupo mwaka wa pili chuoni na ndiye aliyekuwa fundi wetu usiku ule. Tukaisubiri dakika kumi. Nikaizima.

Kazi yenyewe nilipewa na mhariri: niandike kuhusu kompyuta zilizoachwa njiani baada ya Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilifunga msaada wa kawaida kwa Windows 10. Sikuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Laptopu yangu niliinunua mtumba Kariakoo kwa laki tatu na nusu: Core i5 ya kizazi cha sita, RAM ya GB 8, diski ya SSD. Haina mkwaruzo. Kosa lake ni kuzaliwa mapema.

Nzima, lakini haitakiwi

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ina masharti ya kuingilia. Kwa prosesa za Intel, ukitoa chache mno, lazima iwe ya kizazi cha nane kwenda juu. Pawe pia na TPM 2.0, kijichipu kinachotunza funguo za siri. Ya kwangu ilirudishwa mlangoni.

Mwenye kompyuta kama hiyo anaweza kununua nyingine, akiwa na fedha. Anaweza kuendelea na Windows 10 bila viraka vya usalama na kumwachia Mungu. Anaweza kujiandikisha kwa mwaka mmoja wa ziada, ambao Microsoft imeuweka hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa masharti yake. Au anahama.

Pa kuhamia panajulikana. Agosti 25, 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aliwatangazia wenzake kwamba anaandika mfumo endeshi wa bure, kama burudani tu. Kiini cha mfumo ule ndicho kilichomo leo ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa kasi duniani zinaendeshwa nacho. Anayesema Linux haina nguvu anasema hayo akiwa ameishika mkononi.

Hata kwetu si ngeni. Mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, toleo la Linux ambalo jina lake lina asili moja na neno letu “utu”, akawa anatuma CD za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Mwaka huohuo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo yake.

Sasa kama inaendesha kompyuta kubwa za utafiti, inashindwaje na laptopu ya laki tatu na nusu?

Kapu la wageni

Laptopu ni kapu. Prosesa imetoka kwa huyu, kadi ya picha kwa yule, waifai kwa mwingine, na kipapasio cha kidole kwa mtu wa nne. Kila kipande kina lugha yake, na mfumo endeshi hauwezi kukitumia bila draiva, yaani kijiprogramu kinachojua lugha hiyo. Kwa Windows, watengenezaji huandika draiva wenyewe kwa sababu ndiko kwenye soko. Kwa Linux, wapo wanaoandika, wapo wanaotoa maelezo ili wengine waandike, na wapo waliokaa kimya miaka na miaka, watu wa kujitolea wakabaki kubahatisha kama anayejifunza lugha kwa kusikiliza ugomvi wa jirani.

Ugomvi wa watu wa Linux na watengenezaji umewahi kufika hadharani. Juni 2012, Torvalds akiwa jukwaani Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, aliitaja kampuni ya NVIDIA kuwa mbaya kuliko zote alizowahi kushughulika nazo, kisha akainyooshea kamera kidole cha kati. Mei 2022 kampuni hiyo ilitoa hadharani msimbo wa sehemu ya draiva zake inayokaa ndani ya kiini cha Linux. Miaka kumi ilikuwa imepita.

Kipande kilichonisumbua mimi kilitoka kwa kampuni nyingine, ambayo sitaitaja. Nitaanza na fundi.

“Faili umelihakiki?”

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Aggrey, mbele ya meza yenye upana wa kitanda cha mtoto. Juu yake kulikuwa na laptopu sita zilizofunuliwa matumbo, hita ya kulainishia risasi, na chupa ya kahawa. Fundi ni kijana wa miaka kama 26. Hakuigusa kompyuta yangu. Aliuliza kwanza.

“Flashi mmeichoma na nini, kaka? Na faili mlilihakiki?”

Nikamtazama mpwa wangu. Mpwa wangu akatazama viatu.

Mint 22, toleo la Linux tulilolichagua, ni faili la karibu GB 3. Tulilipakua kwa bando la usiku, likakatika mara mbili, likaendelea. Walioitengeneza huchapisha pamoja nalo mstari wa herufi na tarakimu 64, uitwao SHA-256. Faili likipungua hata nukta moja, mstari unaopata kwako unakuwa mwingine kabisa. Fundi aliandika amri moja, akasubiri, akaweka mstari wetu juu ya mstari wao. Herufi ya kwanza tu, tofauti.

Basi, nikajua tumeshamkamata mwizi. Tukapakua upya kwa intaneti ya fundi, tukahakiki, herufi zote 64 zikaoana, tukachoma flashi nyingine. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha kwa kujiamini.

Nembo. Giza.

“Safi,” akasema fundi, na kweli alikuwa amefurahi. “Sasa tunajua si flashi.”

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Mpwa wangu na mimi, usiku ule, tulibadilisha vitu vitano kwa mpigo: tundu la flashi, mpangilio wa BIOS (programu inayoiamsha kompyuta), toleo la Mint, na vingine ambavyo sikumbuki. Hata ingewaka tusingejua kilichoiponya. Fundi alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 96, na kila alichogusa alikiandika, pamoja na vilivyoshindikana.

Maneno mawili ya kunyamazisha

Aliiwasha tena, na menyu ya kwanza ilipotokea akabonyeza herufi “e”. Ukafunguka ukurasa wa maandishi. Akashuka hadi mstari unaoanza na neno “linux”, akaenda mwishoni mwake, akanionyesha maneno mawili: “quiet splash”.

La kwanza linaiambia kompyuta inyamaze. La pili linaiambia iweke picha nzuri mbele ya mtu ili asione kinachoendelea nyuma. Akayafuta yote mawili, akabonyeza F10.

Kiooni ikamwagika mistari myeupe, mamia, ikipanda kama mvua inayonyesha kwenda juu. Mingi ilikuwa ya kawaida: nimeona kibodi, nimeona diski, nimeona betri. Kisha ikasimama ghafla. Mistari ya mwisho ilikuwa inataja kadi ya picha.

> Kompyuta ilikuwa inalalamika muda wote. Ni sisi tuliokuwa tumeiomba inyamaze.

Akarudi palepale, safari hii akaandika neno moja: nomodeset. Maana yake, kwa ufupi, kiini kisijaribu kuiamrisha kadi ya picha kupitia draiva yake. Kitumie picha ya kawaida ambayo BIOS imekwisha kuiandaa. Rangi zinaweza kufifia na video zikakwama, lakini unaona. F10. Mezani pa fundi, kati ya risasi na kahawa, eneokazi la Mint likafunguka.

Ni dawa ya muda, akasisitiza. Mfumo ukishakaa kwenye diski, unaweka draiva sahihi kisha unaliondoa neno lile. Anasema wengi hupona siku ya kwanza wakaliacha, halafu wanalalamika mwaka mzima kwamba Linux ni nzito.

Tarakimu 48

Tulipokuwa tunasubiri Mint ikae kwenye diski, alikuja mama mmoja, mhasibu, amebeba laptopu mpya kuliko yangu. Mtoto wake alimwambia azime Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha, ili ajaribu Ubuntu. Akazima. Kompyuta ilipowaka ikamletea kioo cha bluu kinachodai ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows: tarakimu 48.

Ndugu msomaji, hapa usipapite haraka. Linux ikikataa kukaa, umepoteza muda na bando. Diski iliyofungwa kwa BitLocker ikikosa ufunguo, umepoteza kila kilichomo, na hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Microsoft kule Redmond atakayekifungua. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hufungwa hivyo zenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila mwenyewe kujua, na ufunguo hubaki kwenye akaunti hiyo. Laptopu ya mama yule ilikuwa imeandaliwa kwa akaunti ya mwajiri wake wa zamani.

“Ukirudisha kama ilivyokuwa huwa inakubali,” fundi akamwambia, akawasha tena Secure Boot. Ikakubali. Mama akakaa kwenye stuli bila kusema neno kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa BIOS: nakala ya mafaili iwe nje ya kompyuta, na ufunguo wa BitLocker uwe umeandikwa kwenye karatasi. Kisha ndani ya Windows izimwe ile “Fast Startup”, kwa sababu ikiwa inatumika, Windows ikizimwa huwa haijazimika sawasawa. Hujilaza nusu usingizi na kuiacha diski yake imeshikiliwa. Linux ikiikuta hivyo huisoma tu, haiandiki.

Meza ya pili

Hatua nne kutoka hapo yupo fundi mwingine, mzee wa makamo, ambaye kijana humwamkia shikamoo kila asubuhi kisha wanabishana hadi jioni. Yeye hapigi Linux. Anapiga Windows, siku nzima, na hamwombi mtu radhi.

Hoja yake si ya ujinga. Mteja anaacha kompyuta saa nne anaitaka saa kumi. Anataka Word ileile aliyoizoea, printa yake ya zamani ifanye kazi, na kama ana duka, anataka QuickBooks aliyoinunua, ambayo haina toleo la Linux. “Akirudi mara tatu kwa ajili ya waifai, faida ya kazi imeisha,” akaniambia. “Na jina langu limeisha.”

Nikamuuliza kuhusu zile Windows za “kukrak”, zilizovunjwa kufuli, ambazo ndizo nyingi mitaani. Akacheka, akasema hilo nimuulize mteja kama atalipa leseni. Hakuendelea, nami sikumbana, ingawa jibu analijua: programu inayovunja kufuli huingia na ruhusa zote za kompyuta, na aliyeiandika hakufanya hivyo kwa sadaka.

Kijana, kwa upande wake, anasema kompyuta za kizazi cha nne, cha tano na cha sita zimeanza kuuzwa kwake kwa bei ya vipuri wakati bado zina miaka ya kuishi. Mwanafunzi anayeandika ripoti, kuangalia video za somo na kuingia kwenye mifumo ya chuo kwa kivinjari hahitaji zaidi.

Mabishano haya si ya Kariakoo peke yake. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenda Linux, kazi iliyokamilika 2013, kisha mwaka 2017 madiwani wakapiga kura ya kurudi Windows. Mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyohiyo, likatangaza kuanza safari kama ile kwa kompyuta 30,000. Wote wana wataalamu wa kuajiriwa. Sisi tuna fundi na mpwa.

Mimi, baada ya siku nne hizo, nipo na kijana. Lakini mzee yule amegusa jambo ambalo wapenzi wa Linux hawapendi kulisikia: bure ni programu, saa za fundi si bure, na mtu akishakuwekea Linux akaondoka hajakusaidia.

Waifai

Jumapili, nyumbani. Mint ilikuwa imekaa kwenye diski pembeni ya Windows, na kikwazo cha kwanza kilikuwa kidogo: kompyuta ilikuwa inaruka moja kwa moja kwenye Windows kana kwamba hatujafanya kitu. Mpangilio wa kuwashia ndani ya BIOS ulikuwa umeiweka Windows ya kwanza. Tukapandisha jina la pili juu, ikaisha. (Wapo wanaokwama kabla ya hapo, kisakinishi kinaposema hakioni diski kabisa. Mara nyingi BIOS imewekwa kwenye RAID badala ya AHCI. Ila ukibadilisha bila kuiandaa Windows kwanza, Windows ndiyo itakayogoma.)

Kilichotumalizia siku ni waifai. Haikuwa inashika vibaya, haikuwepo. Kwenye orodha ya mitandao palikuwa na nafasi tupu.

Tukampigia fundi. Kwanza akatuuliza kama hatukubonyeza kitufe cha ndege. Hapana. Basi andikeni “lspci -nn”, akasema, mtafute mstari wa “Network”, mnisomee namba zilizo kwenye mabano ya mraba.

Kila kipande ndani ya kompyuta kina namba mbili, kama namba ya gari na ya injini. Tarakimu nne za kwanza ni za mtengenezaji, nne za pili ni za chipu yenyewe. Intel ni 8086, jina la prosesa yao ya mwaka 1978. Wahandisi nao wana utani wao. Ya kwangu haikuwa hiyo. Fundi aliposikia tarakimu nne za kwanza akaguna kabla sijamaliza.

Mtengenezaji wa chipu ile hakutoa draiva huria kwa ajili yake. Ipo iliyofungwa, na Mint haiiweki yenyewe kimyakimya, lazima uipakue. Kwa intaneti. Ambayo huna, kwa sababu hiyo waifai ndiyo intaneti yenyewe.

Njia ya kutokea ilikuwa mfukoni. Unachomeka simu kwa waya wa USB, unawasha sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, na laptopu inaiona simu kama waya wa mtandao, haihitaji draiva yoyote mpya. Megabaiti chache, draiva ikaingia. Ikatuomba tutunge nywila, tukatunga. Ikasema tuwashe upya.

Hapa ndipo nilipoharibu mwenyewe. Ilipowaka ikaleta kioo cha bluu cha maandishi, na sekunde kumi zinahesabiwa kurudi nyuma. Bluu! Nikamkumbuka mama wa BitLocker, nikabonyeza Enter kwenye mstari wa kwanza kabla mpwa wangu hajamaliza kusema “mjomba, ngoja”. Mstari wa kwanza ulisema endelea kuwasha. Wa pili ndio uliotakiwa: “Enroll MOK”.

> Draiva ilikuwepo, imekaa vizuri, na mlinzi mlangoni alikuwa hamjui.

Secure Boot huruhusu ndani ya kiini vitu vyenye saini inayoitambua tu. Draiva iliyotengenezwa hapohapo kwenye kompyuta yako imesainiwa kwa ufunguo wa kompyuta yako, na kioo kile cha bluu ni mahali pa kuutambulisha ufunguo huo kwa mlinzi, kwa nywila uliyotunga. Kinakuja mara moja. Ukikipita, waifai haiji, na hakuna kinachokuambia kwa nini. Tulipoteza saa tatu tukiondoa na kurudisha draiva ambayo haikuwa na kosa.

Fundi alituandikia kwa ujumbe amri ya kukiita tena kile kioo, “mokutil --import”, pamoja na njia ya faili la ufunguo. Safari hii nilimwachia mpwa kibodi. “Enroll”, “Continue”, “Yes”, nywila. Orodha ya mitandao ikajaa: yetu, ya jirani, ya duka la dawa, na moja iliyoitwa “Usiibe Bando”.

Saa tatu zilizopotea

Jumatatu mchana nilirudi Windows mara moja tu, kutafuta picha za zamani. Nilizima data ya simu ili isinisumbue, nikakaa na makala hii. Makala ilitakiwa mezani kwa mhariri saa kumi na mbili jioni. Kila nilipotupia macho pembeni mwa kioo, muda ulikuwa wa kutosha. Saa nane na dakika kumi. Nikachemsha chai.

Simu ya mhariri ililia. Nje jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Kwake ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini na tano.

Linux huiandika saa ya ndani ya kompyuta kwa muda wa kimataifa wa UTC, kisha inajiongezea yenyewe tofauti ya mahali ulipo. Windows huisoma saa hiyohiyo ikidhani tayari ni ya hapa. Mtu wa London wakati wa baridi hatagundua chochote. Sisi wa saa za Afrika Mashariki tupo saa tatu mbele, kwa hiyo Windows, bila intaneti ya kuirekebisha, inakurudisha nyuma saa tatu kamili.

Fundi hakushangaa nilipompigia. Akanisomea amri, “timedatectl set-local-rtc 1”, nikaiandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, na nikamsikia upande wa pili anafungua daftari lake.

“Hitilafu yako hii naandika ya ngapi, kaka?” akauliza. “Ya sita au ya saba?”